Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama, wazazi wa watoto wenye usonji (autism, hali ya ukuaji inayoathiri mawasiliano na kuhusiana na wengine),

Shughuli za kawaida mnazijua. Siku ya Usonji Duniani, Aprili 2, tuliiadhimisha, wazazi wapya walipewa mafunzo, na ripoti ya mweka hazina imeambatishwa. Sitazirudia.

Nije kwenye linalonung'unikiwa. Ndiyo, fedha za matembezi zilinunua kamera na stendi yake ya kurekodi video za kuwafundishia watoto wetu, na aliyeidhinisha ni mimi. Kamati iliridhia, muhtasari wa kikao upo kwa atakayejisumbua kuusoma. Mnaouliza kwa nini tuwaongezee watoto skrini, njia hii ya kumfundisha mtoto kwa kumwonyesha video sikuitunga mimi. Tangu miaka ya 1960 mwanasaikolojia Albert Bandura alionyesha kuwa mtoto hujifunza kwa kutazama wengine. Mwaka 2007 watafiti Bellini na Akullian walichambua tafiti 23 wakakuta kwamba video huwasaidia watoto wenye usonji kupata stadi na kudumu nazo.

Kila video yetu ni fupi na inafundisha jambo moja tu. Ya kwanza ni kuomba kuingia kwenye mchezo: mtoto anasogea, anasubiri, anasema "Na mimi nicheze?", anarushiwa mpira. Niliagiza irekodiwe upya kwa sababu nyuma palikuwa na feni inayozunguka, na watoto walikodolea feni badala ya mpira. Jicho hilo la kuona feni, nasema bila kujisifu, halikutoka kwa wakosoaji.

Mzazi mmoja amelalamika kuwa mwanawe sasa anamwambia paka "Na mimi nicheze?" Kutazama ni nusu ya kazi. Video ikiisha, mtoto afanye mazoezi papo hapo na mtoto mwenzake, kisha video ipunguzwe kidogo kidogo. Mazoezi hayo tuliyaandaa, na mzazi huyo hatukumwona.

Mahudhurio ndiyo hayo. Wanachama 74, waliolipa ada 29, waliofika mkutano uliopita 16 pamoja na viongozi. Siku ya kulaumu kwenye kundi la WhatsApp, wote tupo! Na wanaodai video zitumwe huko, hazitatumwa. Zina sura za watoto wetu. Anayezihitaji aje azitazame, ada ikiwa imelipwa.

Mwaka ujao tunatarajia, hali ikiruhusu, kurekodi video za kungoja zamu, na pengine za mtoto kujitazama mwenyewe akifanya vizuri. Matembezi nayo yatafikiriwa, ada zikiingia.

Mwenyekiti