Kura zile zile, washindi watatu

Ndugu Mhariri,

Kila uchaguzi ukikaribia, kurasa za maoni hujaa hoja ya “wengi wape”, kana kwamba demokrasia ni kuhesabu vichwa na kumtangaza mwenye fungu kubwa. Hao wengi hawajulikani ni nani mpaka kwanza watu wakubaliane namna ya kuwahesabu. Naomba nafasi nilionyeshe hilo kwa tarakimu.

Chukua wapiga kura 100 na wagombea watatu: A, B na C. Watu 40 wanamtaka A. Wakimkosa, wako radhi na C, na B hawamtaki kabisa. Watu 35 wanaanza na B, kisha C, na A anashika mkia. Waliobaki 25 wanamtaka C, ila 17 kati yao chaguo lao la pili ni B, na 8 ni A.

Sheria ikisema anayeongoza ndiye mshindi, A anaapishwa kwa kura 40, ingawa watu 52 wamemweka wa mwisho. Ikidai zaidi ya nusu, C anatolewa, A na B wanarudiana, na B anashinda kwa 52 dhidi ya 48. Sasa washindanishe wawili wawili. C anambwaga A kwa 60 dhidi ya 40, kisha anambwaga B kwa 65 dhidi ya 35. Kumbe aliyetolewa mapema ndiye ambaye hakuna angemweza ana kwa ana! Na hakuna kura hata moja iliyoibwa.

Mfaransa Condorcet alilichambua suala hili mwaka 1785, akakuta na balaa jingine: wengi wanaweza kumpendelea A kuliko B, B kuliko C, na papo hapo C kuliko A. Mwaka 1951 Mmarekani Kenneth Arrow alithibitisha kihisabati kwamba, machaguo yakifika matatu, hakuna kanuni ya kujumlisha mapendeleo ya watu inayotimiza kwa pamoja masharti yote ya haki ambayo wengi wetu tungeyadai. Wapo wanaotumia hoja hiyo kudai uchaguzi ni upuuzi. Hapo wanaruka mbali mno. Kinachofuata ni kwamba kila kanuni ina kasoro yake, nasi tuchague ile tunayoweza kuishi nayo.

Duru ya pili, kwa mfano, husifiwa kupita kiasi. Ufaransa mwaka 2002 wagombea walikuwa 16. Rais aliyekuwa madarakani, Jacques Chirac, alipata asilimia 19.88, Jean-Marie Le Pen wa mrengo mkali wa kulia 16.86, na Lionel Jospin wa mrengo wa kushoto 16.18. Kura za mrengo wa kushoto ziligawanyika, Jospin akaachwa nje kwa chini ya asilimia moja, na duru ya pili Chirac akazoa zaidi ya asilimia 82. Asilimia hiyo ilipima zaidi hofu ya watu kwa Le Pen kuliko mapenzi yao kwa Chirac.

Kupanga wagombea kwa namba (1 kwa unayemtaka zaidi, 2 kwa anayefuata; wa mkiani hutolewa na kura zake huhamia chaguo linalofuata), kama Australia inavyofanya katika uchaguzi wa wabunge tangu 1918, hupunguza tatizo la kugawana kura. Lakini anayerudia namba anaweza kuharibu karatasi yake, na hesabu haimaliziki kituoni: huwezi kujua nani wa kutolewa kabla jumla za vituo vyote hazijakusanywa. Palipo na shaka juu ya usafirishaji wa masanduku, huo si udhaifu mdogo.

Kwa hiyo mjadala wa kanuni ufanyike kabla majina ya wagombea hayajajulikana, maana baada ya hapo kila mtu anaitetea ile inayompa ushindi mtu wake. Na kanuni iandikwe hadi mwisho, pamoja na la kufanya kura zikilingana. Uingereza wamelimaliza hilo bila aibu: msimamizi wa uchaguzi huamua kwa bahati nasibu.

Msomaji wenu