Karavani kuukuu haianzi na rangi

Mhariri,

Mwandishi wenu wa safu ya magari anamshauri mnunuzi wa karavani kuukuu, ile nyumba ndogo ya magurudumu inayokokotwa na gari, aanze na rangi. La hasha! Yangu ni ndogo, chapa ya Sprite, kazi ya kiwanda cha Newmarket hapa Uingereza, nimeiegesha uani hapa Leicester. Nje alumini iling'aa. Nilipobonyeza ubao chini ya dirisha, kidole kikazama kama kwenye mkate uliolowa chai: maji yalipenya kwenye maungio, fremu ya mbao ikaozea ndani kimyakimya. Miezi minne nilibandua, nikakata, nikaunga mbao mpya, nikaziba maungio upya. Rangi ikaja mwisho. Mapazia ni kanga za mama. Jiko la gesi lililomo ndani, mke wangu kakataa katakata liwashwe.

Msomaji wenu,
Leicester, Uingereza