Heri ya Umuganura kutoka kwa mgeni wenu

Ndugu, jamaa na majirani wote wa mtaa wetu hapa Kigali, salaam aleikum, Tumsifu Yesu Kristo, muraho. Ijumaa ya kwanza ya Agosti hiyo inabisha hodi, siku ya Umuganura, sikukuu ya mavuno ya Rwanda. Kwa niaba ya familia yangu nawatakia sikukuu njema, afya, amani na ghala lililojaa.

Mwaka umetutoa jasho. Mafuta ya kula yamepanda, maharage yamepanda, nauli nayo haikukubali kuachwa nyuma. Wengine tunakula cha kununua tu, na siku kama hii mtu wa dukani huona haya kusogelea vikapu vya waliolima. Mwaka jana mzee wetu alinitoa haya hiyo. Alipomaliza kuwanywesha watoto maziwa, kama ilivyo desturi ya siku hiyo, mmoja bado anajifuta kidevu kwa mkono wa sweta, alinigeukia mimi na mvi zangu, akanishikisha inkongoro, kile chombo cha mti cha kunywea maziwa: “Kunywa na wewe, huna mzazi hapa.” Nilicheka, nikanywa.

Sasa sina mzazi hata kule nyumbani. Mama alitutoka mwezi wa tatu, kwetu Kongwa, Tanzania, mtama wake ukiwa bado shambani. Wajukuu ndio waliouvuna, wakaniletea debe moja. Mfuko uko jikoni, sijaufungua.

Mnajua kuliko mimi yaliyotokea 1925, Wabelgiji walipompeleka Gashamura, mkuu wa ibada za kifalme, uhamishoni Burundi na sherehe ikazimwa. Kitaifa imerudi 2011. Katikati ya hapo ni majumbani ilikohifadhiwa, bila jukwaa wala hotuba. Basi na sisi tusingoje kuandaliwa jukwaa ndipo tukumbuke kugawana! Mwenye akiba amfikirie aliyekosa mvua. Mwenye ugomvi na nduguye aumalize kabla ya kuketi mkekani. Vijana, picha ya kikapu kichwani haimshibishi mtu. Nasi wageni tuache kusimama pembeni na simu kama watalii mbugani: tubebe kuni, tuoshe vyombo, tuulize majina ya wazee na tuyashike.

Mtama wa mama nitaupeleka mashineni Alhamisi asubuhi. Unga utatosha nyumba mbili tatu. Atakayewahi na bakuli atapimiwa. Maziwa leteni nyinyi.

Umunsi mwiza w'Umuganura. Mungu awabariki nyote.