Mtandao haupigi picha, ndugu Mhariri

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nizungumzie maneno matatu ambayo siku hizi huchapwa kwa herufi ndogo chini ya picha nyingi za magazeti yetu: "Picha na Mtandao". Wenye adabu kidogo huandika "kwa hisani ya mtandao", kana kwamba mtandao uliombwa ukaridhia. Maneno hayo hukaa mahali ambapo zamani lilikaa jina la mpigapicha, na msomaji aliyeyazoea huyapita bila kuyatazama. Mimi nayahesabu kuwa kipimo kizuri cha hali ya uandishi wa habari tangu wasomaji wenyewe walipoanza kuwa wapelekaji wa picha, klipu na taarifa, kwa sababu yanakiri hadharani kwamba chumba cha habari kimeichukua kazi ya mtu na kuichapa bila kujishughulisha kumjua mtu huyo ni nani, alikuwa wapi, na alipiga picha hiyo lini.

Simo katika kundi la wanaolalamika kwamba raia wameingilia kazi isiyo yao. Magazeti ya Kiswahili yamelelewa na wasomaji wake tangu utoto. Kiongozi, lililokuwa likichapwa hapa Tanga enzi ya Mjerumani, liliishi kwa barua za walimu na watu wengine waliojua kuandika, waliotawanyika pwani na bara. Na Mambo Leo, lililoanza Dar es Salaam mwaka 1923, lilikuwa na kurasa za "Habari za Miji" ambamo wenyeji wenyewe walieleza mambo ya kwao, kuanzia mvua na mavuno hadi vifo na sherehe. Lakini habari ya aina hiyo ilifika kwa barua, ikiwa na mji ilikotoka, kwa mhariri wa gazeti lililotoka mara moja kwa mwezi. Klipu ya leo huingia katika simu ya mhariri wa zamu saa tatu usiku ikiwa imekwisha kupita katika makundi kadhaa ya WhatsApp, haina mwenyewe wala tarehe, na televisheni fulani ya mtandaoni imekwisha kuirusha. Wasomaji walikuwa wanaandika tangu zamani. Kilichopungua ni ule muda na ile kazi iliyokuwa ikifanywa kati ya kupokea na kuchapa.

Uwezo wa wananchi tuliuona Bukoba asubuhi ya tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air ilipoanguka katika Ziwa Victoria ikijaribu kutua. Uwanja ule uko kandokando ya ziwa. Waliofika kwanza walikuwa wavuvi na mitumbwi yao, na waliotuonyesha kwanza walikuwa watu waliosimama ufukweni na simu zao: mkia wa ndege umebaki juu ya maji, mitumbwi imeuzunguka, umati unavuta kamba. Hakuna gazeti ambalo lingeweza kuwa na mpigapicha pale katika dakika zile, na anayesema klipu zile si uandishi wa habari ana lake jambo. Hata hivyo, kwa wingi wake wote, hazikuweza kutuambia wamepona wangapi. Kwanza ilitangazwa kwamba waliookolewa ni 26. Baadaye ikabainika kuwa wawili kati ya waliofikishwa hospitali hawakuwamo ndegeni kabisa, na hesabu ikawa manusura 24 na marehemu 19, kati ya watu 43. Jambo la namna hiyo halipatikani hata kwa kuitazama klipu mara mia. Hupatikana kwa mtu kukaa na orodha ya abiria mkononi na kuanza kuuliza.

Kuuliza huko ndiko kunakoachwa pale tunapoandika "Mtandao". Na tusidhani kwamba ni ugonjwa wa magazeti madogo. Baada ya milipuko ya London ya tarehe 7 Julai 2005, BBC ilipokea kutoka kwa watu wa kawaida picha zaidi ya 1,000 na barua pepe zipatazo 20,000, na dawati lake la kupokea na kuhakiki vitu vya wasikilizaji na watazamaji likapata mizizi kuanzia hapo. Pamoja na hayo, Mei 2012, baada ya mauaji ya Houla nchini Syria, tovuti yake ilichapa picha ya mistari ya maiti zilizofungwa sanda nyeupe, ikieleza kwamba imetoka kwa mwanaharakati, kwamba haikuweza kuthibitishwa, na kwamba inaaminika kuonyesha watoto wa Houla wakisubiri kuzikwa. Picha ile ilipigwa Iraq mwaka 2003 na mpigapicha Marco Di Lauro, ambaye aliikuta kwenye tovuti na kuitambua. Tazama, Mhariri, jinsi tahadhari ile ya "haikuweza kuthibitishwa" ilivyokuwa ya kweli na isivyosaidia kitu. Msomaji haoni tahadhari, anaona maiti. Gazeti likikosa uthibitisho, lina njia ya heshima ya tangu zamani, nayo ni kuiacha picha hiyo nje ya ukurasa hadi uthibitisho upatikane.

Kutolijua jina kuna gharama nyingine, ambayo idara ya uhasibu itaielewa haraka kuliko dawati la habari. Januari 2010, siku ya tetemeko la ardhi la Haiti, mpigapicha Daniel Morel aliweka picha zake mtandaoni kupitia Twitter. Mtu mwingine akazichukua na kuzitoa kama zake. Shirika la habari la AFP likazipokea kwa jina la huyo aliyezichukua, na Getty, kampuni ya kuuza picha, ikazisambaza duniani. Novemba 2013 mahakama ya New York iliamua mwenye picha alipwe takriban dola milioni 1.2. Hapa kwetu Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inailinda picha pia, hata iwe imepigwa kwa simu na kijana wa bodaboda ambaye hajawahi kusikia habari za sheria hiyo. Kitu kuonekana na kila mtu hakukifanyi kiwe cha kila mtu.

Upande wa pili upo, na ndio unaonipa moyo. Julai 2018 ilisambaa klipu ya wanaume wenye sare za jeshi wakiwaongoza wanawake wawili na watoto wawili hadi pembeni mwa njia ya vumbi, kisha wakawapiga risasi. Serikali ya Kameruni ilikana kwamba ni askari wake. Waandishi wa kitengo cha BBC Africa Eye, wakisaidiwa na watu waliojitolea mtandaoni, waliichukua klipu ileile ambayo wengine walikuwa wanaisambaza tu, wakaanza kuisoma kama hati. Umbo la mlima ulioonekana kwa mbali lilifananishwa na picha za setilaiti hadi likapatikana eneo karibu na Zelevet, kaskazini mwa Kameruni. Majengo yaliyokuwepo na yasiyokuwepo, na urefu wa vivuli vya watu ardhini, vikawaonyesha kwamba mauaji yalifanyika kati ya tarehe 20 Machi na 5 Aprili 2015. Mwaka 2020 askari wanne walihukumiwa kifungo cha miaka 10 kila mmoja. Klipu yenyewe ilikuwa ushahidi wa macho tu. Kazi ya uandishi ilikuwa kuufanya ushahidi huo usikanushike.

Sisemi kila gazeti la Dar es Salaam linunue picha za setilaiti. Sehemu kubwa ya kazi hii haihitaji zaidi ya simu na subira. Mhariri wa zamu anaweza kumuuliza aliyemtumia klipu kama aliipiga yeye au na yeye alitumiwa, na akijibu "nimetumiwa", basi safari ya kumtafuta mwenyewe inaanza hapo. Anaweza kumwomba faili halisi lililomo katika simu iliyopiga, kwa kuwa picha ikipitishwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupoteza kumbukumbu za saa na mahali zilizofungamanishwa nayo. Anaweza kumwomba pia picha iliyotangulia na iliyofuata, maana aliyekuwepo kweli mara nyingi anazo zote tatu, na aliyeokota anayo moja tu. Kisha kuna kusoma vibao vya maduka na namba za magari, kutazama kama barabara imelowa siku ambayo mvua haikunyesha, na kumpigia simu mwandishi wa mkoa huo. Siku hizi ambapo akili mnemba inaweza kuchora mafuriko ya Jangwani, Dar es Salaam, bila tone la mvua kudondoka, maswali haya yamekuwa ya lazima hata kwa picha inayoonekana haina neno.

Nashangaa kwamba kanuni ninayoitaka tayari gazeti lako linayo. Msomaji anayetaka barua yake itoke katika ukurasa huu hutakiwa kuandika jina kamili, anwani na namba ya simu, hata kama ataomba jina lisichapwe. Mimi nimetimiza sharti hilo. Kwa nini maoni ya mzee wa Tanga yadaiwe jina, ilhali picha ya ajali inayoweza kumwonyesha mtu maiti ya ndugu yake kabla hajapigiwa simu na familia iingie ukurasa wa kwanza bila kudaiwa chochote?

Najua hoja itakayoletwa: watumaji wengi wanaogopa kujulikana. Wana sababu. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kinafanya kuchapisha taarifa za uongo kwa njia ya kompyuta kuwa jinai, na aliyerekodi tukio linalomgusa mkubwa fulani hawezi kujua mapema nani ataliita uongo. Lakini kulijua jina na kulichapa jina ni mambo mawili mbalimbali. Mhariri anayemjua mtumaji wake anaweza kumhifadhi, akaandika "jina limehifadhiwa", akaziba sura za watoto na sauti za majirani, na akasimama yeye mbele ya swali linalokuja. Asiyemjua hana anayemhifadhi. Amechukua picha tu na kumwacha mwenyewe na hatari zake.

Limebaki la malipo, ambalo husemwa kwa sauti ya chini. Waandishi wengi wa kujitegemea mikoani hulipwa kwa habari iliyotoka, na nauli hujilipia. Kila picha ya bure inayookotwa mtandaoni ni picha moja ambayo hawakuagizwa, na mwandishi asiyeagizwa mwisho wake hufungua duka la vocha, siku ya tukio asiwepo wa kupigiwa simu kuuliza kama kweli daraja limekatika. Kwa hiyo ombi langu kwako ni dogo: chapa katika ukurasa wa pili namba moja ya kupokea picha na klipu za wasomaji, ikiambatana na masharti yanayoeleza mtumaji ataulizwa nini, jina lake litatunzwa vipi, na atalipwa kiasi gani picha ikitumika. Kiasi hicho kisiwe chini ya anacholipwa mwandishi wa kujitegemea kwa picha ya aina hiyohiyo, ili asiwepo mhariri atakayewaona wasomaji kuwa njia ya kubana matumizi.

Wako msomaji,
Mwalimu mstaafu, Tanga
(Jina na anwani vimehifadhiwa)