Barua ya wazi: Simiti isimame kwenye ukuta wa Fort Jesus

Kwa Mheshimiwa mwenye dhamana ya majengo ya kale

Mheshimiwa,

Tunakuamkia kwa heshima inayostahili cheo chako. Barua zetu za awali zilipokelewa ofisini, zikagongwa muhuri, zikalala. Hii tumeona tuiandike mbele ya watu, kwa kuwa mambo yamefika pabaya: mvua za masika zimeangusha pande kubwa la plasta kwenye ukuta wa ngome unaotazama mlango wa bandari ya kale ya Mombasa, na kifusi hakijazolewa, mifuko mipya ya simiti imeshapangwa kando yake.

Tunakuomba ukakitazame kilichoanguka. Si kazi ya Mreno wala ya Mwarabu wa Omani. Ni simiti ya ukarabati uliopita. Imetoka nzima kama sahani, na mgongoni imeondoka na uso wa jiwe. Palipobaki ukutani, matumbawe yamekuwa unga. Ukipitisha kidole yanamiminika. Na juu ya unga huo ndipo inapotakiwa kupigwa simiti nyingine.

Sababu inajulikana na kila aliyewahi kujenga kwa mawe ya pwani. Ngome hii ilianza kujengwa 1593 juu ya mwamba wa matumbawe, kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, Mtaliano aliyewatumikia Wareno. Jiwe la matumbawe limejaa matundu. Linanyonya maji ya chini, ya mvua na ya upepo wa bahari, na maji hayo yamebeba chumvi. Ukuta wa chokaa huyatoa kupitia viungo vya mawe: unyevu hutoka hapo, chumvi hugandia hapo, na kinachochakaa ni chokaa, ambayo fundi anaweza kuikwangua na kuitia upya. Ukiviziba viungo kwa simiti, maji yanabaki na njia moja tu, nayo ni jiwe lenyewe. Chumvi inagandia nyuma ya simiti, chembe zake zinakua kila ukuta unapokauka, na jiwe linameguka kutoka ndani huku nje pakionekana pagumu na safi. Mkaguzi anapiga picha, anaridhika, anaondoka. Masika chache baadaye ukuta unavuliwa ngozi.

Ulisema hadharani kwamba hakuna jiwe la Ngomeni litakaloguswa bila fundi wa chokaa kusimama pale. Tuliyachukua maneno hayo kuwa ahadi, na bado tunayachukulia hivyo. Mafundi wapo, wengine ni wazee sasa, wanakaa hatua chache kutoka lango la ngome. Hakuna aliyeitwa. Vijana waliotaka kujifunza kwao wamekwenda kutafuta vibarua kwingine, na ujuzi huu ukizikwa na wazee hao hautanunuliwa dukani.

Tunadhani simiti inapendwa kwa sababu ya kalenda. Mwaka wa fedha wa serikali hufungwa mwisho wa Juni, na masika humalizikia papo hapo, kwa hiyo kazi husukumwa ndani ya wiki za mwisho, ukuta ukiwa umelowa chepechepe, ili hati ya malipo ipite. Simiti hushika kwa saa kadhaa. Chokaa haiwezi kufuata mwendo huo, na hapa tunaomba utuvumilie tuieleze kazi yenyewe, maana huenda hujawahi kuelezwa.

Mawe ya matumbawe yaliyokufa huchomwa juu ya magogo yaliyopangwa duara, moto ukiachwa usiku kucha. Chokaa iliyotoka motoni huzimwa kwa maji matamu. Tunasisitiza matamu, kwani visima vingi vya kisiwani vina chumvi, na fundi anayechota kisimani anarudisha ukutani kile kile anachokipiga vita. Ikishazimwa hukaa shimoni chini ya maji si chini ya miezi mitatu, ndipo vidonge vyote viyeyuke. Kidonge kisichozimika hufutukia ukutani na kutoboa plasta. Mchanga uwe wa mto au wa shimo, wenye chembe kali, uliooshwa. Mchanga wa ufuoni haufai hata ukioshwa mara moja. Kipimo ni sehemu 1 ya chokaa kwa sehemu 3 za mchanga, na upande unaopigwa na bahari huongezwa unga wa tofali au vigae vilivyochomwa vizuri, nusu sehemu mpaka sehemu nzima, kwa sababu chokaa tupu ni nzito kushika penye unyevu wa kudumu.

Kwanza ukuta hugongwagongwa kwa nyundo ndogo ya mti. Panapolia wazi, simiti ya zamani itolewe kwa tindo na nyundo, kamwe si kwa mashine ya umeme. Penye simiti iliyoshikamana kabisa na jiwe, iachwe, kwa maana ukiilazimisha utaondoka na jiwe. Viungo vichimbwe kina kisichopungua mara mbili ya upana wake, vipigwe mswaki, vinyunyiziwe maji mpaka jiwe liache kunyonya kwa pupa. Tabaka la plasta lisizidi milimita 10 kwa mara moja. Kisha magunia yaliyolowa yatundikwe mbele yake kwa wiki nzima, yakinyunyizwa asubuhi na jioni. Jua la kaskazi likiikausha chokaa kwa haraka, inabaki unga tu. Ndiyo maana kazi hii huanzwa wakati wa kusi, Julai na Agosti, jua likiwa pole, chokaa ikiwa imeandaliwa tangu mwanzo wa mwaka. Na mtini uliomea ufani usivutwe. Ukatwe, kisiki kitiwe dawa, kikauke hapo hapo. Anayevuta mzizi anavuta mawe.

Mheshimiwa, si bahati mbaya kwamba upande huu ndio unaoanguka kwanza. Chombo cha tanga kilichoingia bandari ya kale kilibanwa na miamba kikafuata mkondo mwembamba chini ya ngome. Wareno walijua hilo. Ras Serani, mlangoni kabisa, waliweka vingome vidogo, kikiwemo cha Mtakatifu Yosefu ambacho magofu yake yangalipo, na hapa Ngomeni wakalitokeza jukwaa la mizinga upande wa bahari, chini, ili risasi iende sambamba na maji igonge ubavu wa meli badala ya kupita juu ya mlingoti. Mahali palipofaa kwa mizinga ndipo panapopokea rasharasha ya chumvi kuliko ukuta wowote mwingine. Ukuta mpya wa kuzuia mawimbi umeusaidia msingi, tunashukuru, lakini hauzuii upepo wa chumvi.

Na ukuta huu ni kumbukumbu. Juu ya lango kuna maandishi ya 1635, yaliyochongwa miaka michache baada ya Yusuf bin Hasan, Sultani wa Mombasa, kuitwaa ngome kutoka kwa Wareno mwaka 1631. Waomani waliizingira kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698, na manowari ya Kireno, Santo António de Tanna, iliyokuja kuisaidia, ilizama mbele yake 1697. Baadaye Waomani na Wamazrui, ukoo uliotawala Mombasa, waliongeza, wakainua, wakaziba, na kila mmoja alikuwa na chokaa yake: rangi yake, mchanga wake, vipande vyake vya makaa. Jicho lililozoea husoma humo nani alijenga nini. Mwaka 1875 manowari za Kiingereza Nassau na Rifleman ziliipiga ngome kumtoa Al-Akida aliyemwasi Sultani Barghash wa Zanzibar. Ikawa jela kuanzia 1895 hadi 1958, ikafunguliwa makumbusho 1960, na 2011 ikatiwa katika urithi wa dunia. Ukuta uliopita katika hayo yote unaliwa na mfuko wa kilo 50. Simiti ikishapakwa, maandishi yale ya chokaa hayasomeki tena na mtu yeyote.

Tuongeze neno la mizinga, kwa kuwa rangi nyeusi nayo imeletwa pamoja na simiti. Mizinga ya kale ni chuma cha kumimina, na chumvi imeingia ndani ya chuma chenyewe. Ukipaka rangi ya mafuta juu ya kutu, kutu inaendelea chini yake na kutoka magamba magamba. Kwanza kioshwe kwa maji matamu mara nyingi, kikaushwe, kipakwe tindikali ya tanini mpaka kigeuke cheusi cha buluu, ndipo rangi ya kuzuia kutu ifuate. Grinda isikaribie, inakula alama za mfua chuma. Mdomo uinamishwe kidogo ili maji ya mvua yasituame ndani, na mzinga ukae juu ya magogo, usiguse udongo. Ile miwili ya Vita vya Kwanza, wa Kijerumani wa sentimita 10.5 uliotoka katika manowari Königsberg na wa Kiingereza wa inchi 4 uliotoka katika manowari Pegasus, ni ya feleji, nayo ina viungo vya kufunguka nyuma, na maji hukaa katika viungo hivyo. Isitendewe sawa na ya kale.

Mizinga inaweza kungoja miezi. Ukuta hauwezi. Hatukuombi pesa mpya, wala kamati, wala ziara ya wageni. Tunakuomba uandike amri ya mstari mmoja kwamba simiti isimame, mifuko iondolewe, palipoanguka pafunikwe kwa turubai inayopitisha hewa, na chokaa ianze kuzimwa wiki hii ili kazi ifanyike kusi hii au ijayo. Ikiwa hata hayo ni mengi, basi moja tu: simiti isimame. Mifuko ile ikifunguliwa kabla hujajibu, jibu lako halitakuwa na kazi tena.

Wako katika ujenzi wa mji huu,

Mafundi wa chokaa na wakazi wa Mji wa Kale, Mombasa