Wakongwe, wapeni chipukizi nafasi ya kusikika

Mhariri,

Mimi ni fundi mitambo wa matamasha, na bendi za roki zinaniudhi kwa jambo moja. Bendi kongwe ikialika bendi chipukizi iitangulie jukwaani, wakongwe ndio hujaribu vyombo kwanza, tena bila haraka. Zamu ya vijana ikifika, milango imeshafunguliwa kwa mashabiki na muda wa kujaribu umekwisha. Dramu za wakubwa hazisogezwi, kwa hiyo wageni hubanana ukingoni mwa jukwaa. Halafu mashabiki wanasema hawajui kupiga! (Wengi wao muda huo wako kwenye foleni ya vinywaji.)

Mwaka 1989 Rolling Stones, bendi ya tangu 1962, walizunguka Marekani na Living Colour, bendi ya vijana ambao Mick Jagger, mwimbaji wa Stones, alikuwa amewasaidia hata kurekodi. Huo ndio ukubwa.

Waandaaji, andikeni muda wa kujaribu vyombo kwenye mkataba wa chipukizi.