Jiko la mlimani na jiko la nyumbani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nizungumzie katuni iliyotoka gazetini mwako wiki mbili zilizopita, ile ya mwanamume mwenye kitambi aliyejifunga khanga kiunoni, anakoroga sufuria jikoni, na mkewe amekunja nne kwenye kochi akisoma gazeti. Chini ya picha yaliandikwa maneno mawili tu: "Kakaliwa huyo!" Nilicheka, kusema kweli, kabla sijatambua kwamba anayechekwa ni mimi.

Nimepika katika Mlima Kilimanjaro kwa miaka 22. Nilianza nikiwa mgumu, kama tunavyoitwa sisi wabeba mizigo wa mlimani, na baadaye nikapandishwa kuwa mpishi. Nimechambua mchele pale Horombo, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari, vidole vimekufa ganzi. Nimesukuma chapati, nimepika uji na supu ya maboga, na nimemenya viazi vya wageni 12 ndani ya hema ambalo upepo ulikuwa ukilivuta kama unalidai. Nilivaa aproni, niliosha vikombe, na asubuhi niliwapelekea wageni chai kwenye mahema yao. Katika miaka yote hiyo hakuna ndugu wala jirani aliyewahi kuuliza kama nimelishwa limbwata. Niliposhuka Moshi na bakshishi mfukoni niliitwa "mpishi" kwa heshima, na vijana wa mtaani walinifuata niwatafutie kazi.

Magoti yalipochoka nilistaafu. Mke wangu anauza mitumba katika soko la Memorial, na siku ya kufungua belo hutoka nyumbani kabla ya alfajiri akarudi jua linapozama. Wajukuu wawili tunaokaa nao hurudi kutoka shule na njaa yao, nami nimekaa barazani sina la kufanya. Nikawasha jiko. Upishi ni uleule na mikono ni ileile, tofauti ni kwamba sasa hakuna anayenilipa, na hapo ndipo maneno yalipoanza.

Naona haya kukiri kwamba kwa miezi kadhaa nilipika kwa kificho. Hodi ikipigwa, nilimkabidhi mwiko mjukuu wangu wa kike, mtoto wa miaka 10, nikaenda sebuleni kuongeza sauti ya redio. Mtoto huyo alielewa upesi kuliko nilivyotaka aelewe, kwa kuwa siku moja, kabla sijasema lolote, alisikia hatua za mtu nje akaja mwenyewe kunipokonya mwiko mkononi. Siku hiyo nilijiona mdogo, na tangu siku hiyo mlango wa jiko langu uko wazi.

Mwaka jana tulikuwa na msiba wa shangazi upande wa Kilema. Wanaume walichinja, kama ilivyo desturi, kisha wakakaa. Kina mama waliokuwa wakimenya ndizi walikuwa wachache na wageni walikuwa wengi, basi nikachukua kisu, nikavuta kigoda, nikaketi nao. Hazijapita dakika kumi, mzee mmoja wa ukoo akaniita pembeni na kuniuliza kwa upole, tena kwa huruma ya kweli, kama nyumbani kwangu kuna matatizo. Mzee huyo namheshimu na sikumjibu vibaya. Hata hivyo, hatua ishirini kutoka pale tuliposimama, wapishi wa kukodi kutoka mjini, wanaume watupu, walikuwa wakipindua pilau katika masufuria makubwa, na wao hakuna aliyewaonea huruma.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba tunachokidhihaki si kazi. Mafundi cherehani wanaokaa kwenye baraza za maduka yetu hapa Moshi wengi wao ni wanaume, nao hushona magauni na sare za shule mchana kutwa bila mtu kuwatilia shaka. Lakini mwanamume huyohuyo akionekana nyumbani kwake anatia kifungo kwenye shati la mwanawe, wapita njia watageuza shingo. Kazi ikiwa na malipo tunaiita ufundi. Ikifanywa bure, kwa ajili ya mke na watoto, tunamtafutia aliyeifanya jina la kumdhalilisha.

Najua jibu litakalokuja, kwamba hii ni mila yetu na mila haiulizwi. Mimi ni Mchagga wa Marangu na sina nia ya kuitukana mila iliyonilea. Ninachoomba ni tuikumbuke yote. Wazee wetu waligawana kazi: wanaume walichimba mifongo ya kuleta maji kihambani, yaani kwenye shamba la nyumbani, na walichinja, na wanawake walisimamia ndizi, walipika mbege, na walikata majani ya ng'ombe. Majani hayo mara nyingi yalitoka tambarare. Mama yangu aliteremka alfajiri na kupanda mchana na furushi lililomfunika mpaka mabegani, ukimtazama kwa nyuma unadhani kichaka kinatembea, na akifika nyumbani alikuwa bado hajapika. Hakuna aliyesema kwamba mzigo ule unamwondolea uanamke wake. Na kahawa, ambayo tulikua tukiambiwa kwamba ni zao la baba na fedha zake ni za baba, ililetwa mlimani na wamisionari mwishoni mwa karne ya 19. Chama chetu cha ushirika cha wakulima wa kahawa, KNCU, kilianzishwa mwaka 1933. Kwa hiyo sehemu ya hicho tunachokiita mila ya tangu na tangu, babu zetu waliiona ikizaliwa.

Nataja furushi la mama kwa sababu ya binti yangu, ambaye sasa naye ni mgumu. Alipokwenda kazini mara ya kwanza, wenzake walishangaa mwanamke atawezaje, ingawa mzigo wa mgumu hupimwa kwa mizani getini na haupaswi kuzidi kilo 20, uzito ambao bibi yake angeubeba huku akiimba. Kwa kumhurumia wakampa trei za mayai. Aliyewahi kufanya kazi ile anajua kwamba mayai ndiyo mzigo mchungu kuliko yote: huwezi kuyatupa chini ukapumzika, huwezi kujikwaa, na likivunjika moja mpishi atakusema mpaka kileleni. Alifikisha yote. (Mpishi wa safari ile alikuwa mwanafunzi wangu wa zamani, lakini naapa sikumpigia simu.) Leo wenzake hawana neno naye. Maneno yako huku chini, kwa majirani wanaomwita jikedume na kuniuliza ni nani atakayemwoa.

Wengine walilazimika kujificha zaidi yetu. Huko Mererani, kwenye machimbo ya tanzanaiti, alikuwapo Bi Pili Hussein, ambaye kisa chake kimesimuliwa hadharani na kinajulikana na wengi. Wanawake hawakuruhusiwa kushuka mashimoni, basi akavaa kiume, akajiita Mjomba Hussein, akachimba pamoja na wanaume kwa takriban miaka 10 bila wao kumtambua. Watu husimulia kisa hicho kwa kicheko na kwa fahari, nami pia huona fahari, ila kila nikikisikia najiuliza ni akina nani waliomfanya aone kwamba ni rahisi zaidi kuficha mwili wake kwa miaka yote hiyo kuliko kuomba kazi kwa jina lake.

Kwa upande wa sheria sina la kulalamika. Sheria za ardhi za mwaka 1999 zinampa mwanamke haki ya kupata na kumiliki ardhi sawa na mwanamume, na Katiba yetu inakataza ubaguzi wa jinsia. Tangu Machi 2021 Amiri Jeshi Mkuu wa nchi hii ni mwanamke, na wanajeshi wanampigia saluti. Lakini sheria haiingii barazani, na hakuna kifungu kinachomlinda mtu dhidi ya kicheko cha majirani.

Kicheko hicho kina gharama, na hili ndilo hasa lililonifanya nishike kalamu. Mtaani kwetu yupo kijana ambaye mkewe alijifungua kwa upasuaji. Hawana msichana wa kazi na mama mkwe yuko mbali. Kijana huyu hufua nepi za mtoto usiku, saa tano au saa sita, taa ya uani ikiwa imezimwa, na huzianua kabla hakujapambazuka hata kama hazijakauka. Nilimkuta usiku mmoja nilipotoka kwenda msalani. Alishtuka kama mtu aliyefumaniwa akiiba, akaniomba nisimwambie mtu. Nilimsaidia kukamua, tukamaliza kimyakimya, na sasa nepi zile huanikwa kwenye kamba yangu, mchana, kwa kuwa mimi sifa yangu imekwisha kuharibika.

Ndugu Mhariri, sikuombi umkataze mchora katuni wako kuchora. Ana mkono mzuri, na kitambi alikipatia. Ila alimpa yule mwanamume mwiko mdogo wa kukorogea uji, na kwa sufuria ya ukubwa ule mtori utashika chini na kuungua. Siku ya Jumamosi mke wangu huchelewa sokoni na mimi huwa jikoni kuanzia saa nne. Akipenda afike Pasua aulize nyumba ya mpishi, ataonyeshwa. Aje na karatasi zake, achore akiwa ameketi kwenye kigoda, na akimaliza atanisaidia kumenya ndizi.

Wako,
Mpishi Mstaafu,
Pasua, Moshi